Kopo la kiwi mfukoni: jinsi ya kuzima fegi bila kuunguza banda la mtu

Assalaam alaykum. Shikamooni wazee wangu, mama zangu hamjambo, vijana mambo. Naona ukumbi umejaa na najua wengi wenu mmefuata chai na maandazi mliyoambiwa yapo baadaye, haya, hata mimi nimeyafuata hayo hayo, kwa hiyo nitajitahidi nisiwacheleweshe.

Kabla sijasema kitu, nani ana fegi hapa? Msinitazame hivyo, sitamshtaki mtu kwa mama yake. Wewe bwana mdogo mwenye kofia, harufu yako imefika mpaka huku mbele, nipe moja. Tena iwashe mwenyewe hapo mlangoni maana mimi niliacha, piga pafu tatu halafu niletee ikiwa bado inawaka. Ahsante. Sasa tazameni, hili ni kopo la kiwi ya viatu, lile dogo, kiwi nyeusi, limeoshwa. Naiweka fegi ndani hivi, siipondi, siigusi ncha yake, nafunika, nakaza mfuniko. Bi mkubwa hapo mbele, shika, usiogope. Lipitisheni mkono kwa mkono mpaka lifike nyuma, likipata moto mniambie, na mtu asifungue mpaka niseme. Bwana mdogo, fegi yako utarudishiwa.

Sasa hili jambo nililijulia kazini. Mimi nimefanya kazi ya hoteli hapa pwani miaka tisa, nilianzia kwenye reki, yaani kila alfajiri kabla wageni hawajaamka unapiga reki mchanga wote wa mbele ya hoteli, na mtu akikuuliza reki inaokota nini zaidi, sio mwani, sio vifuu, ni vipisi vya sigara. Vipisi, vipisi, vipisi. Mzungu anakuja kutoka kwao ambako akitupa kipisi barabarani anapigwa faini, akifika kwetu anaona mchanga mweupe anafikiri ni ashtrei moja kubwa Mungu kaitandaza, anachomeka, anaondoka. Na sisi wenyeji tusijifanye malaika, tunachomeka vile vile.

Basi siku moja kuna mgeni Mjapani, mzee, kakaa peke yake kwenye kiti cha ufukweni anavuta. Alipomaliza akaingiza mkono mfukoni akatoa kitu kama kipochi cha sarafu, chenye kifungo cha kubana. Mimi nimesimama na trei yangu nikajua leo leo, tipu hiyo inakuja. Nikanyoosha tabasamu. Yule mzee akafungua kipochi, akatumbukiza fegi ndani inawaka hivyo hivyo, akaibana kwa vidole juu ya kipochi, akafunga, akarudisha mfukoni. Tipu hakutoa. Lakini nilimuomba anionyeshe, akanionyesha: nje plastiki laini, ndani imetandikwa karatasi ya fedha, ile ya aluminiamu, kama ya kufungia chokoleti lakini nene. Ndani mna vipisi vinne na majivu na nje hakuna harufu hata chembe.

Kule Japani kitu kile ni cha kawaida kama leso. Kinauzwa mpaka kwenye maduka yale ya kila kitu yeni 100. Na sababu ipo, Tokyo unaweza ukatembea mtaa mzima usione pipa la taka, mapipa mengi yaliondolewa baada ya watu kushambuliwa kwa gesi ya sarini kwenye treni za chini ya ardhi mwaka 1995, kwa hiyo mtu wa kule kazoea taka yake arudi nayo nyumbani. Halafu mwaka 2002 wilaya moja ya katikati ya Tokyo, Chiyoda, pale penye kasri la mfalme wao, wakasema adabu peke yake imeshindwa sasa inakuja sheria, ukivuta barabarani kwenye maeneo waliyoyataja unalipa yeni 2,000 pale pale. Na hapa ndipo penye utamu, ukiwa na ashtrei yako ya mfukoni haikuokoi. Unalipa tu. Kwa sababu tatizo halikuwa uchafu peke yake. Jamani simameni kidogo mtembee kama mmeshika fegi, mkono umening'inia, haya, ncha iko wapi? Iko kwenye uso wa mtoto. Ncha ya fegi ina joto la nyuzi mia kadhaa, ukivuta inapanda karibu nyuzi 900, na inapita kwenye jicho la mtoto wa mtu sokoni. Kipochi hakizuii hilo.

Na niseme na hili ingawa linaweza kuwaudhi baadhi. Waliopigia debe sana hivi vipochi kule ni kampuni ya sigara yenyewe, Japan Tobacco, ambayo mpaka leo zaidi ya theluthi ya hisa zake ni za serikali ya Japani. Mvutaji mwenye adabu, mvutaji msafi, mabango kila mahali. Sasa hiyo kampuni msidhani iko mbali, ndiyo yenye hisa nyingi kwenye TCC, kampuni ya sigara ya Dar es Salaam, inayotengeneza hiyo Embassy na SM mnayonunua moja moja pale dukani. Kule wanafundisha watu kubeba ashtrei, hapa mimi nimefanya kazi ya hoteli miaka tisa sijaona mtu kaniletea hata kikebe. Sisemi zaidi ya hapo. Ila ujue kabisa, kikebe ni kwa ajili ya moto na uchafu, mapafu yako hakiyajui.

Lipo wapi kopo? Limefika katikati. Lina joto? Vuguvugu. Haya, endeleeni kupitisha.

Sasa kwa nini vipisi. Mama zangu wa mwani mnajua zaidi yangu, maji yakitoka mnakwenda kwenye vigingi vyenu mnakuta nini kwenye kamba? Si mmesikia, bi mkubwa kasema "pamba". Wengi kile kichungi cha fegi tunakiita pamba na ndio maana tunatupa bila wasiwasi, pamba itaoza. Ile sio pamba bibi yangu. Ni plastiki, nyuzi nyembamba zaidi ya 12,000 zimesokotwa pamoja, asili yake mti kweli lakini umepikwa kwa dawa mpaka umekuwa kitu kingine, inakaa miaka. Na kazi yake ni kunasa sumu ya moshi, kwa hiyo ukiitupa baharini unatupa sumu ambayo imeshakusanywa vizuri pahala pamoja. Watafiti wa San Diego kule Marekani walitoa majibu yao mwaka 2011, waliloweka vipisi kwenye maji wakaweka samaki wadogo, kadiri ya kipisi kimoja kwa lita moja, baada ya siku nne nusu ya samaki wamekufa. Lita moja, chupa ya maji ya kunywa. Na duniani vinatupwa kama trilioni 4.5 kila mwaka, hiyo namba mimi mwenyewe siwezi kuiwaza kichwani, nabaki na ile chupa ya lita moja.

Lakini kinachoninyima usingizi mimi ni makuti. Nyumba zetu, mabanda ya wageni, baa, mpaka vyoo vya hoteli, makuti. Wakati wa kaskazi jua kali upepo mkavu, kuti linalia likiguswa. Na mtu kakaa ghorofani anakung'uta fegi dirishani. Vijana wa mpira mnaijua Bradford? Bradford City ya Uingereza, tarehe 11 Mei 1985, uwanja umejaa, jukwaa la zamani la mbao, chini ya viti kuna mianya na chini ya mianya taka za miaka zimejazana, makaratasi. Uchunguzi ulisema inavyoelekea ni kiberiti au sigara iliyodondoka kwenye mwanya. Ndani ya dakika kama nne jukwaa zima moto. Watu 56 walikufa, watu waliokwenda kutazama mpira. Na hakuna aliyechoma kwa makusudi, mtu kaachia fegi au njiti yake, basi.

Ndio maana nasema kuikanyaga hakutoshi. Ukiponda ncha unaivunja vipande, kimoja kinazima, kingine upepo unakibeba. Kuchomeka mchangani inazima kweli, siwadanganyi, lakini kipisi kinabaki na maji yakijaa yanakwenda nacho kwenye mwani wa mama. Moto wa fegi unataka hewa tu, haukati tamaa kirahisi lakini ukiunyima hewa umekwisha. Kopo dogo lina hewa kidogo, moto unaila, mfuniko umekaza hakuna nyingine, na bati linanyonya joto. Hakuna ufundi mwingine pale.

Sasa makosa yangu msiyarudie. La kwanza nilichukua kopo nikalifuta tu kwa kitambaa, halikuoshwa, kiwi ile ni nta na mafuta, nikatumbukiza fegi likatoa moshi mweusi jikoni mke wangu akadhani nimefanya mambo ya mganga. Osha kwa maji ya moto na sabuni, mara mbili, likaushe. La pili, nilipata kikopo cha filamu za kamera za zamani, cha plastiki, kimekaa vizuri mkononi nikasema hiki ndicho. Kilitoboka mfukoni. Suruali ilikuwa ya sare na nilikatwa mshahara, alama ya paja ninayo mpaka leo ila hapa kuna akina mama. Bati, basi, plastiki hapana, labda iwe na ile karatasi ya fedha ndani kama ya yule mzee. Na ukilifunga subiri kidogo kabla hujaliweka mfukoni.

Manahodha mnaobeba petroli kwenye boti, nyie hata kopo lisiwape kiburi, kwenye petroli hakuna kuvuta. Na ile tabia ya kuweka maji kwenye chupa ya soda mkatumbukiza vipisi, naiona sana kwenye vibanda vyenu, yale maji yakishakuwa rangi ya chai ni sumu tupu, na chupa ni ya soda, na mtoto anaijua chupa ya soda. Tafadhali sana.

Kuna mtu kanyoosha mkono. Eti je, unaweza ukaivuta tena ile iliyobaki? Nilijua litakuja hili. Fegi inanunuliwa moja moja, mtu anavuta nusu, nusu anaweka nyuma ya sikio kwa ajili ya jioni, wote tumeona. Kwenye kopo inabaki nzima kwa sababu hukuiponda, hilo kweli, na mimi nilipokuwa navuta nilifanya hivyo sana. Ladha yake lakini ni chungu, lami yote ya moshi imejikusanya pale pale ilipozimia.

Haya kopo limefika nyuma? Bwana mdogo mwenye kofia lichukue, lete mbele, lifungue kila mtu aone. Moshi kidogo ule wa kufungiwa. Gusa ncha. Gusa, usiogope. Imekufa? Imekufa. Chukua nusu yako, na kopo nimekupa, bibi yako kule ana kilio cha vipisi kwenye mwani wake tangu mwaka juzi.

Anauliza kama nina kiberiti. Nenda nje kavute huko, mbali na makuti.