Ngamia Hana Tangi la Maji

Mabibi na mabwana, tuanze na nundu ya ngamia. Wengi tumekua tukiambiwa kwamba humo mna maji. Hamna. Mna mafuta, tena yamekusanyika mgongoni badala ya kutandaa chini ya ngozi yote, ndiyo maana sehemu nyingine za mwili hutoa joto bila shida.

Basi maji anayapata wapi? Swali lenyewe ndilo lililotupoteza. Tuulize anayatumiaje. Mwaka 1953 na 1954 mwanafiziolojia Knut Schmidt-Nielsen alikaa Sahara, nchini Aljeria, akiwapima ngamia joto na uzito. Sisi joto la mwili likipanda nyuzi 2 tu tunaitwa wagonjwa, kwa hiyo tunatoka jasho mapema ili kulizuia. Ngamia mwenye kiu halizuii. Alfajiri ana nyuzi 34 hivi, na mchana kutwa anauacha mwili upate moto polepole hadi upite 40. Hapo ndipo jasho linapoanza. Usiku ukiingia, hewa ya jangwa ikipoa, joto lote lile linaondoka lenyewe, bila kugharimu tone. Kwa ngamia wa kilo 500, hiyo ni akiba ya karibu lita 5 za maji kwa siku. Kwangu mimi, hili ni zuri kuliko hadithi yoyote ya tangi mgongoni.

Na manyoya je, juani? Ngamia aliponyolewa, maji aliyopoteza yaliongezeka kwa karibu nusu. Yale manyoya yanazuia joto la nje lisiingie.

Sasa damu. Binadamu akikauka kwenye joto kali, damu yake inakuwa nzito, moyo unashindwa kuisukuma hadi kwenye ngozi ikapoe, na joto la ndani linapanda ghafla hadi linamuua. Ngamia anaweza kupoteza maji yaliyo sawa na robo ya uzito wake, na bado damu yake ikatembea, kwa sababu maji mengi hutoka kwingine mwilini kabla ya kutoka kwenye damu. Akifika kisimani anakunywa zaidi ya lita 100 kwa dakika chache. Chembe nyekundu za wanyama wengine zingepasuka kwa mafuriko hayo. Zake, zenye umbo la yai, zinavimba hadi zaidi ya mara mbili bila kupasuka.

Huku kukubali badala ya kupambana kupo kwenye baridi pia. Yuko chura wa misitu ya Amerika Kaskazini ambaye majira ya baridi huganda kweli: zaidi ya nusu ya maji ya mwili wake huwa barafu, pumzi hukatika, moyo husimama. Barafu inapoanza tu kugusa ngozi, ini humwaga glukosi kwenye damu, sukari ikaingia ndani ya seli na kuzilinda, barafu ikabaki nje yake. Joto likirudi anayeyuka, na moyo unaanza kupiga kabla miguu haijaweza kusogea.