Makao ya Wimbo Huamuliwa na Mapigo Yake

Mabibi na mabwana,

Aliyejifunza nadharia ya muziki kwa tenzi za kanisa hufundishwa mapema kwamba kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, inayojengwa juu ya sol, noti ya tano ya ngazi ya muziki, huvutwa kuelekea kodi ya do, noti ya kwanza, na kwamba mvuto huo ndio unaolijulisha sikio makao ya wimbo, yaani kodi ambapo wimbo hutulia, yako wapi. Kanuni hiyo ni ya kweli ilikozaliwa, lakini haitoshi katika pop na roki. Mwaka 2011 wanazuoni wa nadharia ya muziki Trevor de Clercq na David Temperley walichapisha uchambuzi wa nyimbo 100 za roki, za kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1990, wakakuta kwamba baada ya kodi ya do inayotumika zaidi ni ya fa, noti ya nne, wala si ya sol, na kwamba hiyo ya fa hutokea sana kabla ya kurudi do.

Basi kama sol haishiki usukani, ni nini kinachotuonyesha makao? Nashikilia kwamba ni mapigo.

Sikilizeni kodi hizi nne ninazozipiga kwenye kinanda, nikizitaja kwa herufi za noti zinazojengwa juu yake: C, G, A maina (kodi yenye sauti ya huzuni) na F, kila moja mapigo manne, zikizunguka bila kukoma. Nikianzia C, sikio linatulia kwenye C na wimbo unachangamka. Sasa nazipiga zile zile, zikifuatana vile vile, ila naanzia A maina: A maina, F, C, G. Sijaongeza wala kupunguza noti hata moja, lakini makao yamehama na huzuni imeingia. Kilichosogea ni mwanzo wa duara la mapigo 16, na kodi iliyoangukia hapo imerithi uzito wake.

Uzito huo hauhitaji kupigwa kwa nguvu. Katika roki ile ngoma ndogo yenye nyaya hulia kwenye pigo la pili na la nne, na msikilizaji mwenyewe ndiye anayelibeba pigo la kwanza mwilini. Ndiyo maana gitaa na besi huweza kuiwahi kodi mpya kwa nusu pigo kabla ya kipimo, yaani kundi la mapigo manne, kuanza, na bado sikio likaihesabu kuwa ya kipimo kinachokuja. Mwanafunzi anayeandika herufi za kodi bila kuonyesha zinapoangukia ameiacha nusu ya hamoni, yaani mpangilio wa kodi, nje ya karatasi, jambo ambalo hunisikitisha kila ninaposahihisha.

Lakini mapigo nayo huweza kushuhudia mambo mawili. “Sweet Home Alabama” ya Lynyrd Skynyrd, ya mwaka 1974, huzungusha D kwa mapigo mawili, C kwa mawili, kisha G kwa manne. Wanaosema makao ni D hufuata mahali duara linapoanzia. Wanaosema ni G hufuata mahali linapokaa zaidi. Mimi niko upande wa D, lakini kila gitaa linapotulia juu ya G kwa kipimo kizima, namwelewa vizuri anayenipinga.