Ganzi ya Miguu Inayoletwa na Damu Kutofika Miguuni

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na ndugu zangu wa Ngamiani, Makorora na Chumbageni, ahsanteni kwa kuja.

Mtu akisema nyayo zinamwaka moto au zimekufa ganzi, hapa Tanga tunamjibu upesi: kisukari, au uzee. Kisukari kweli kinaongoza. Ila mshipa wa fahamu nao una uhai, unalishwa na vijishipa vyembamba vya damu. Ateri za mguu, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, zikijaa mafuta zikawa nyembamba, na sigara huziharibu vibaya sana, mishipa ya fahamu inakosa oksijeni na kuanza kudhoofika.

Kwa hiyo muulizeni mgonjwa: maumivu yanakuja saa ngapi? Mwenye ateri zilizoziba akienda soko la Mgandini kwa miguu, shavu la mguu linambana. Akisimama dakika chache linaachia, akiendelea linambana tena. Ugonjwa ukizidi, maumivu humfuata kitandani, akapata nafuu kwa kuuning'iniza mguu. Baba akikueleza hivyo, usimwambie ni baridi ya usiku.

Hospitali hupima presha ya kifundo cha mguu na kuigawanya kwa presha ya mkono. Jibu likiwa 0.9 au chini, ateri zimeziba. Wenye kisukari, sikilizeni hapa: ateri zenu zinaweza kuingia chokaa zikawa ngumu, kipimo kikapanda kupita 1.4 ilhali damu haifiki. Ombeni presha ya kidole gumba cha mguu ipimwe pia.

Jambo linaloniumiza ni maji ya moto na chumvi. Tunawakanda wazee wetu kwa mapenzi, nao mguu uliokufa ganzi hausikii kuungua. Asubuhi kuna malengelenge, na kidonda kisichopata damu hakiponi. Acheni kabisa. Asiye na kidonda wala maumivu akiwa amepumzika, daktari akimruhusu, atembee nusu saa mara tatu kwa wiki: mguu ukibana asimame, ukiachia aendelee. Dawa za kushusha lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, na za kuzuia damu kuganda atapangiwa.

Na mguu ukiuma ghafla, ukapauka, ukawa wa baridi, usiusugue wala usingoje kukuche. Baada ya muda wa saa sita hivi bila damu, misuli na mishipa ya fahamu huanza kufa moja kwa moja. Mpeleke hospitali ya Bombo usiku huo huo.