Kauri ya pete au kauri ya fedha? Twende mwambani tukawatazame

Haya, karibuni tena. Nipo Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na leo ni bamvua, maji yametoka mpaka kule mwambani. Siku za maji mafu usijisumbue. Vaa viatu vya raba, kisha shuka mapema uyafuate maji yakiwa bado yanatoka.

Kauri ni konokono wa baharini, na hapa tutamtafuta chini ya mawe. Kwanza tafuta jiwe la matumbawe yaliyokufa, la kuinulika kwa mkono. Lililo hai liache. Na ukikuta konokono mwenye umbo la pia, ganda limejaa michoro kama kanga, huyo ni koni. Usimguse! Anachoma kwa jino lenye sumu, na dawa ya kuizima sumu hiyo haipo.

Inua taratibu... ee, huyu hapa. Sentimita mbili na kitu. Mbona hang'ai? Amejifunika. Huu utando wenye vijinyama kama vinyweleo ni mwili wake, umepanda pande zote mbili ukakutana mgongoni. Nikimgusa kidogo, tazama, unarudi ndani. Utando huu ndio unaolijenga ganda na kulipa mng'aro, hakuna aliyelipiga msasa.

Sasa mgongo. Nasogeza kamera: pete ya rangi ya dhahabu. Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea, maana kauri ya fedha naye wakati mwingine ana pete hafifu. Pitisha kidole gumba ubavuni. Ukiwa laini, umbo la yai, ni kauri ya pete, *Monetaria annulus*. Ukikutana na vinundu, na ganda lina manjano, ni kauri ya fedha, *Monetaria moneta*.

Wa vinundu ndiye aliyekuwa pesa kwa karne nyingi, akivuliwa Maldivi na kufika mpaka Afrika Magharibi. Miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, kampuni ya O'Swald ikiwamo, wakaona huku kwetu wa pete ni wa bei rahisi. Wakapakia merikebu kwa merikebu kutoka Zanzibar kwenda Afrika Magharibi, mpaka thamani ya kauri kule ikaporomoka. Waganda mpaka leo pesa wanaiita ensimbi, yaani kauri.

Tumemaliza kumtazama, namrudisha palepale, na jiwe nalilaza kama lilivyokuwa. Likibaki kichwa chini, vyote vilivyoshika upande wa kivulini vitakaushwa na jua.

La mwisho ni hili ganda tupu nililookota mchangani. Limesuguliwa, mgongo umekuwa wa zambarau, pete haipo tena. Umekwama? Rudi ubavuni na kidole gumba... laini. Ni wa pete.