Nyuki Asiye na Mzinga

Ndugu wakulima, na ninyi vijana wa chuo mliojificha nyuma, habari za asubuhi.

Hapa Dodoma ukitaja nyuki, mtu anawaza asali. Leo namleta mkata-majani, wa jenasi ya Megachile. Hana malkia wala kundi, kila jike anajitegemea.

Mmeona jani la mbaazi au la waridi limemegwa ukingoni, duara safi kama tundu la tiketi? Wengi wenu mnakimbilia bomba la dawa. Acheni! Kiwavi hali kwa unadhifu huo. Jike amekata kwa taya, akapeleka kipande kwenye bua lenye uwazi, ufa wa ukuta wa tembe, au nguzo iliyotobolewa na mbawakawa. Vipande virefu anaviringisha kuwa kuta za chumba, vya duara anafungia mlango. Kila chumba kina chavua iliyochanganywa na nekta, na yai moja. Mayai ya majike hutangulia ndani kabisa, ya madume hukaa karibu na mlango, maana madume ndio hutoka kwanza. Na mama ndiye anayeamua: yai lililorutubishwa huwa jike, lisilorutubishwa dume.

Sasa maua. Anayapenda sana ya jamii ya kunde: mbaazi, marejea, kunde zenyewe. Petali za chini za ua la mbaazi zimeungana, zimeficha chavua ndani. Mdudu mwepesi akitua, halifunguki. Mkata-majani husukuma kwa kichwa na miguu, petali zinashuka, chavua inampaka tumboni. Na tumboni ndiko anakoibeba, kwenye nywele ngumu, tena kavu. Nyuki wa asali huikanda kwa nekta na kuibandika miguuni. Chavua kavu hudondoka kirahisi kwenye ua linalofuata.

Sitawatisha: mbaazi hujichavusha yenyewe pia. Lakini chavua ya mche mmoja kufika mche mwingine ni kazi ya nyuki, kwa hiyo anayetunza mbegu asipande aina mbili jirani, zitachanganyika. Na kama lazima upulizie dawa wakati wa maua, ngoja jioni, nyuki wakishaondoka shambani.

Mzee pale mbele anauliza kama anauma. Jike ana mwiba, mzee wangu, ila hana kundi la kulilinda. Mpaka umbane mkononi.