Shangazi wa Artois na kihamba cha Kibosho

NEEMA: Haya karibuni jamani, ni Neema na mangi Eli tena, tupo hapa hapa Kijenge. Leo muda umebana, kuna kwaya inaingia studio baada yetu na wameshafika, wako nje na spika zao, kwa hiyo mangi naomba twende moja kwa moja. Kitabu chetu cha mwezi ni Les Rois maudits, yaani Wafalme Waliolaaniwa, riwaya za wafalme wa Ufaransa za Mfaransa Maurice Druon, viko saba kwa jumla, cha kwanza kilitoka 1955 na cha mwisho 1977. Mmetuma voisi nyingi mno, asanteni sana. Na mimi nimeandika mambo matano ya kujifunza, tutayapitia mwishoni.

ELI: Yasubiri kidogo hayo matano, dada Neema. Mimi Jumamosi nilikuwa Kibosho kwenye kikao cha ukoo na mpaka sasa hivi sijatulia.

NEEMA: Ulinigusia kwenye simu. Waambie na wao.

ELI: Ni hivi. Baba yangu mdogo mmoja alifariki zamani, babu akiwa bado hai. Akaacha mtoto wa kiume mdogo kabisa, mama yake akamchukua wakahamia mjini. Sasa yule mtoto amekua, ana familia yake, amerudi anaomba kipande cha baba yake kwenye kihamba, lile shamba la ukoo. Wazee wakamjibu kwa upole kabisa, wala hakuna aliyepaza sauti, wakamwambia mwanetu, baba yako hakukabidhiwa, babu alikuwa hai, mtu hawezi kurithi kwa aliye hai na wewe huwezi kurithi ambacho baba yako hakuwa nacho. Basi. Yule kijana akanyanyuka, akatupeleka mpaka chini karibu na mfongo, ule mfereji wa maji, akachuchumaa katikati ya migomba akaanza kufukua kwa mikono, akatoa kisiki cha isale, ule mmea wa kuwekea mpaka. Akasema hapa ndipo babu alipompandia baba masale ya mpaka, siku alipooa. Masale yalishang'olewa, pamepandwa ndizi, lakini kisiki kilibaki ardhini.

NEEMA: Aisee.

ELI: Nikarudi nyumbani usiku nikafungua kitabu, na nakuapia ni kesi ile ile. Robert wa Artois! Baba yake alikufa 1298 kwa majeraha ya vita, babu yake naye akauawa vitani Courtrai, Julai 1302, na Robert ndio kwanza ana miaka kumi na tano. Mila ya Artois, jimbo la babu yake huko Ufaransa, ikasema mjukuu hasimami badala ya baba aliyetangulia, mtoto aliye hai ndiye anachukua. Aliye hai nani? Shangazi yake, Mahaut. Jimbo zima likaenda kwa shangazi.

NEEMA: Hapo hapo simama, niweke voisi ya dada wa Himo maana ndiyo iliyoharibu wiki yangu. Anasema yeye lile jina la Mahaut limemshinda toka ukurasa wa kwanza, akaamua kumwita Shangazi tu, na tangu hapo kitabu kikaanza kusomeka, maana anamwona kabisa, ni yule shangazi anayefika msibani funguo za stoo zikamfuata zenyewe.

ELI: Zinamfuata! Hajaziomba.

NEEMA: Hajaziomba, na hakuna wa kumuuliza. Basi nikaiweka ile voisi kwenye grupu na ndio ukawa mwisho wa uchambuzi, hakuna tena mtu anayejadili wafalme, ni mashangazi tu. Mmoja wa Sakina anasema Shangazi wake kwenye kamati ya sendofu hakuchanga hata mia lakini menyu yote aliipanga yeye. Kuna kaka wa Majengo Moshi anasema shangazi yake akikaa kwenye kiti cha mbele kanisani mchungaji anafupisha mahubiri.

ELI: Yule wa SACCOS je? Nilimpenda yule.

NEEMA: Yule alianza vizuri, anasema yeye anampenda Tolomei, yule mzee wa Kiitaliano mkopeshaji pale Paris, kwa sababu ndiye mtu pekee kwenye kitabu anayejua nani anadaiwa nini, wafalme na maaskofu wote wamo kwenye daftari lake. Nikasema afadhali, huyu karudi kwenye kitabu. Halafu anamalizia, lakini hata Tolomei asingethubutu kumdai Shangazi.

ELI: Asingethubutu kweli, bana. Yule mama anapigana mikono na mpwa wake! Na Robert mwenyewe Druon anamchora jitu, amevaa mekundu, akiingia chumbani mlango unaonekana mdogo, lakini wakikutana na shangazi yake huoni nani mkubwa.

NEEMA: Mimi shangazi yangu mkubwa alikuwa hivyo hivyo. Akiingia uani, wanaume wazima wanatafuta kazi ya kufanya. Kuna mmoja alikuwa akimwona anashika jembe, na jembe lenyewe halina mpini.

ELI: (anacheka) Sasa turudi kwenye kesi.

NEEMA: Turudi, na hapa mangi mimi na wewe hatutaelewana, nakuambia mapema. Mimi niko na Shangazi.

ELI: Hata anayeua watoto?

NEEMA: Anayeua kwenye riwaya. Wasikilizaji, kwa ambao hamjafika, Druon anamfanya Mahaut kuwa mwenye sumu. Anamuua mfalme Louis wa Kumi, halafu anataka kummaliza na kale katoto kalikozaliwa mfalme, Jean, Novemba 1316, kakaishi siku tano. Haya. Sasa kwenye historia yenyewe, Louis alicheza mchezo wa mpira pale Vincennes, akatoka jasho, akanywa divai ya baridi, akaugua akafa. Watu wakasema Mahaut kamlisha sumu, na mwaka 1317 akashitakiwa na akasafishwa. Akasafishwa, Eli! Lakini mwandishi miaka mia sita baadaye akaona hapana, huyu mwanamke ameshika ardhi miaka yote hiyo, ameshinda kesi 1309, ameshinda tena 1318, haiwezekani awe ameshinda hivi hivi, lazima kuna chungu cha sumu mahali. Na hilo mimi nalisikia kwetu kila siku, mwanamke akipata shamba wanauliza alimfanya nini marehemu.

ELI: Hapo kwenye sumu sibishi. Ninachobishia ni ushindi. Ile ya 1318 aliamua nani? Mfalme Philippe wa Tano. Na Philippe wa Tano ni nani? Mkwe wa Shangazi! Kamuoa binti yake Jeanne. Mabinti wawili wa Shangazi wameolewa na watoto wawili wa mfalme, wewe ukiwa Robert unaenda kushitaki wapi? Hakimu anakula Pasaka kwa mshitakiwa.

NEEMA: Kwa hiyo Robert akaghushi ushahidi wa kuidai Artois.

ELI: Akaghushi, ndiyo, nakubali aliitengeneza ile barua.

NEEMA: Sio barua, ni nyaraka kadhaa, mihuri ya kweli ikahamishiwa kwenye maandishi ya uongo, na yule mama aliyemsaidia, Jeanne de Divion, akachomwa moto 1331. Robert yeye alitoroka. Mwanamke kaungua, mwanaume akakimbilia Uingereza kula kwa mfalme Edward. Halafu 1337 mfalme wa Ufaransa anainyang'anya Guyenne, jimbo la Edward huko Ufaransa, na kwenye sababu anataja kabisa kwamba unamhifadhi Robert. Vita ya Miaka Mia ikaanza hapo ikaja kuisha 1453. Kwa ajili ya kihamba!

ELI: Kwa ajili ya mtoto wa miaka kumi na tano aliyeambiwa baba yako alikosea kufa mapema. Mimi ndio ninachokiona. Neema, hilo kosa lake liko wapi? Yule binamu yangu wa Kibosho kosa lake liko wapi? Baba akifa kabla ya babu, mtoto anafiwa mara mbili, anafiwa na baba halafu anafiwa na udongo. Na makaburi yako mle mle, kaburi la baba yake liko mle kihambani, anaruhusiwa kuja kuweka maua lakini haruhusiwi kukata hata mkungu.

NEEMA: Naelewa, na inauma. Lakini uliniambia kwenye simu kitu hujakisema hapa. Hicho kipande sasa hivi nani analima?

ELI: ...Shangazi.

NEEMA: Kumbe!

ELI: Ndiyo, ni shangazi, dada yao wa tatu. Alirudi nyumbani ndoa ilipovunjika.

NEEMA: Na bibi aliuguzwa na nani?

ELI: Na yeye.

NEEMA: Miaka yote. Alimuogesha, alimgeuza kitandani, alimlisha uji kwa kijiko, kaka zake wapo Dar na Mwanza wanatuma pesa ya dawa na pole. Leo unataka ang'oe ndizi zake ampishe kijana aliyekuja na gari?

ELI: Hakuja na gari, alikuja na daladala mpaka njia panda akapanda kwa miguu. Na usinigeuzie. Wazee hawajampa shangazi, ndio maana nilikasirika. Wamemtumia. Wanasema analima shangazi yako, utamfukuza shangazi yako? Kijana ananyamaza kwa heshima. Lakini shangazi mwenyewe hajaandikiwa kitu, analima tu mpaka siku atakayofariki, siku hiyo kipande kinarudi kwa hao hao waliokaa mbele. Ni ile sheria ya mila ya 1963, binti anatumia ardhi ya ukoo maisha yake lakini sio yake.

NEEMA: Ile iliyogonga mwamba Mwanza 1990, Jaji Mwalusanya, kesi ya yule bibi wa Kihaya Holaria Pastory aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, mpwa akaenda mahakamani anasema mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mpwa tena! Jaji akasema mwanamke ana haki sawa na mwanaume. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kifungu cha 20 kinasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Kwa hiyo shangazi yako akiamua kusimama anasimama.

ELI: Asimame, mimi niko naye, ila sio juu ya kisiki cha mtu.

NEEMA: Sasa utapenda wote wawili wakati kipande ni kimoja? Hapo ndipo unaponikwepa. Robert ana uchungu, sawa, Shangazi ana haki, sawa, lakini kuna Artois moja. Lazima useme.

ELI: Nasema mtoto wa marehemu.

NEEMA: Mimi nasema binti aliyebaki.

ELI: Kwa sababu wewe ni binti.

NEEMA: Na wewe ni mtoto wa kiume wa mwisho, nyumba ya mzee unaisubiri, kwa hiyo tusiulizane hayo. Angalia na hili, maana ndilo lililonitoa machozi. Philippe huyo huyo mkwe wa Shangazi, mama mkwe wake ni mwanamke anatawala Artois kwa urithi wa baba, yeye anakaa anakula mezani kwake. Lakini kaka yake Louis alipokufa akaacha binti, Jeanne, mtoto wa miaka minne hivi, Philippe akachukua taji, na Februari 1317 wakubwa wakakutana Paris wakatamka mwanamke harithi ufalme wa Ufaransa. Binti wa hapa anarithi jimbo, binti wa pale harithi taji, kiti kimoja hicho hicho kinatoa hukumu zote mbili. Halafu 1322 Philippe anakufa, ameacha nini? Mabinti watupu. Kanuni yake ikawafungia nje watoto wake mwenyewe.

ELI: Hilo sasa linanisaidia mimi. Ina maana Shangazi hakushinda kwa sababu wanaamini mwanamke ana haki. Alishinda kwa sababu ni mama mkwe.

NEEMA: Alishinda kwa sababu mila ya Artois ilisema yeye! Umeisema mwenyewe mwanzoni.

ELI: Mila iliyomtupa yatima.

NEEMA: Mila pekee kwenye kitabu chote iliyompa mwanamke udongo, na hiyo ndiyo unataka ivunjwe kwanza.

ELI: Mh. Hapana. Sikubali.

NEEMA: Sikuombi ukubali.

ELI: Kuna watu wanapunga mkono kwenye kioo.

NEEMA: Kwaya hao. Dakika ngapi? Mbili, anasema mbili. Jamani, yale matano...

ELI: La kwanza lilikuwa nini?

NEEMA: La kwanza ni kuandika wosia ukiwa mzima, na lina vipengele vitatu, haliingii kwenye dakika mbili. Tuyaache. Wa Njiro aliyeuliza kama kale katoto Jean kalibadilishwa kweli, kwenye riwaya ndiyo kamebadilishwa, na alikuwepo kweli mtu wa Siena, Giannino, aliyejitokeza baadaye akisema mimi ndiye Jean, endelea mpaka mwisho utamkuta. Na aliyesema laana ya Templa, lile shirika la watawa askari, ndiyo iliyowaua wote, voisi yako ni ndefu na nzuri, hatujaifikia, nisamehe.

ELI: Mimi nataka wanitumie kitu kimoja. Aliyefiwa na baba kabla ya babu, uliambiwaje kwenye kikao chenu?

NEEMA: Na mabinti waliobaki nyumbani, mmeandikiwa au mnalima tu? Tumeni wote. Wiki ijayo ni cha pili, ile ya kufungwa kwenye ngome ya Château-Gaillard, someni mpaka nusu.

ELI: Na Shangazi yumo.

NEEMA: Yumo sana. Haya tunatoka, tunatoka, wanaingiza kinanda.