Jinsi ya kupima mwanga ndani ya maji ya fiodi, msimu kwa msimu

Karibuni watazamaji. Leo tuko Lustrafjorden, tawi la Sognefjorden kule Norwei. Fiodi ni mkono mrefu wa bahari ulioingia kati ya milima. Sognefjorden ina kina cha zaidi ya mita 1,300, na karibu chote ni giza totoro. Sisi tunataka kujua mwanga unakomea wapi.

Anza na kifaa. Kata duara la plastiki nyeupe lenye upana wa sentimita 30, litoboe katikati, pitisha kamba isiyonyumbuka na ufunge chubwi kwa chini. Tia alama kwenye kamba kila nusu mita. Hii ndiyo sahani ya Secchi, kwa jina la padri Angelo Secchi aliyeijaribu baharini mwaka 1865. Bei ya mboga, na watafiti hawajaiacha.

Vaa jaketi la kuokolea. Maji haya hayana utani. Karibu na saa sita mchana zima injini, kaa upande wa boti wenye kivuli, vua miwani ya jua. Teremsha polepole. Iangalieni: nyeupe inageuka kijani, inafifia, imepotea. Soma kamba. Shusha kidogo zaidi, kisha vuta hadi ichomoze, soma tena, uchukue wastani. Ukizidisha mara 2 hadi 3 unakadiria kina ambacho mwani bado unaweza kuishi kwa mwanga.

Mbona kijani? Maji yenyewe humeza rangi nyekundu mapema, na mabaki ya mimea yanayoletwa na mito, yenye rangi ya chai, humeza buluu.

Sasa rudia kila msimu. Desemba, sahani huzama mbali kabla ya kupotea, kwa sababu planktoni, vile viumbe wadogo mno wanaoelea majini, ni wachache na mito imenywea. Wengi hudanganyika hapa. Maji ni maangavu, lakini mwanga wenyewe ni haba: jua la adhuhuri liko kama nyuzi 5 tu juu ya upeo, na milima inalificha. Kwa hiyo usiandike kina peke yake. Andika pia saa na hali ya jua.

Kufikia Machi na Aprili siku zimerefuka, diatomu, aina ya mwani mdogo mno, wanazaana kwa fujo, na sahani inapotea mapema.

Kiangazi ndicho kigumu. Jua linafika nyuzi 52, ila barafuto ya Jostedalsbreen, lile barafu kubwa la milimani, inayeyuka na mto Jostedøla unamwaga unga wa mawe uliosagwa na barafu. Choteni glasi moja, mwinue juani: mnaona ukungu huu? Maji hayo ni matamu, mepesi, yanaelea juu ya yale ya chumvi. Chini yake maji yanaweza kuwa safi zaidi, na sahani haiwezi kukwambia. Pima pia mbali na mdomo wa mto, ulinganishe.

Vuli, mvua kubwa huongeza ile rangi ya chai, basi.

Ukipata kihisi cha mwanga kisichoingia maji, kifunge kwenye kamba hiyohiyo na usome kila mita. Hicho kitapenya tabaka la unga na kukuonyesha kilicho chini yake.